Pakavu pa Kumlaza Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kutoka milimani na chungu kichwani, na kabla hajaketi aliniambia chungu kile nisikiguse. Hakusema kwa ubaya. Kilikuwa kimepikiwa nguruwe pori tangu ujana wake, naye alijua kwamba mke wa mwanawe ni Mwislamu, tena Mwislamu wa Mtunda, ambako jirani akichemsha kitu, watu hunusa upepo kwanza ndipo wapige hodi. Akakitundika nje kwenye kijiti cha uchaga. Tukaanza kukaa nyumba moja, yeye na chungu chake, mimi na changu, na mume wangu katikati akila kwangu na kunyamaza.

Mume wangu alisilimu akiwa kijana, alipokwenda pwani kuuza sandarusi, ile gundi ya miti. Mama yake hakusilimu. Nilimwuliza mara moja tu sababu, naye akanijibu kwamba ana watu wake waliotangulia, na akihamia dini ya pwani, nani atawakumbuka? Sikuuliza tena. Kwetu tulifundishwa kwamba asiyesali amepotea, na mimi niliamini hivyo, na mpaka leo naamini. Lakini kuamini kwamba mtu amepotea ni jambo moja, na kumwamsha kila asubuhi kwa kumwambia hivyo ni jambo jingine, hasa kama mnagombea kinu kimoja.

Hatukupendana, nisidanganye. Yeye aliniona mvivu wa jembe, mimi nilimwona mzito wa shukrani. Kila alfajiri alichukua unga wa mtama, kiganja kimoja, akaumwaga chini ya mti nyuma ya nyumba na kunong'ona na wazee wake. Kuku wangu, viumbe wasio na adabu, walikuja mbio hata hajamaliza. Mwanzoni niliwaachia, nikacheka kimoyomoyo. Baadaye nikaanza kuwafukuza, kwa sababu niliona ni uhuni kuku kula maombi ya mtu, hata kama maombi yenyewe siyakubali. Aliniona nikiwafukuza. Siku hiyo alinitwangia mpunga.

Halafu ikaja habari ya maji. Siku zile tulikuwa tumechoka tayari, kabla hata ya vita. Tulilima pamba ya akida huku magugu yakila mashamba yetu, na mwanamume akichelewa shambani alilazwa chini akapigwa viboko mbele ya wakwe zake. Ikasemekana kuna dawa kule mtoni, maji ya kupakwa na kunywa, na aliyepakwa, risasi ya Mdachi ikimgusa itageuka maji. Watu wakapita kwetu kwa mistari, wa milimani na wa upande wa Mkongo, wanawake kwa wanaume, wamejifunga kaniki. Mama mkwe alikwenda nao. Alirudi na mbegu za mtama zimefungwa kwenye paji la uso, uso wenyewe umepata nuru ambayo sikuwahi kuiona kwake, na miiko mingi kuliko siku za mwaka.

Wadogo wawili wa mume wangu walipakwa pia. Walikwenda vitani, hawakurudi. Mume wangu hakupakwa, alisema Mwenyezi Mungu anamtosha, na askari walipopita kutafuta wabeba mizigo walimkamata akiwa anaswali adhuhuri. Walimngoja amalize. Kisha wakamfunga kamba shingoni pamoja na wengine, wakaondoka naye. Nikabaki na mama yake.

Baada ya hapo walichoma. Walichoma nyumba na ghala, na mihogo waliing'oa. Sina hamu ya kulieleza hilo kwa urefu. Tulikula ming'oko, viazi vya porini, na ming'oko ilipokwisha tukachimba ndiga, ambayo ni sumu mpaka uimenye, uikatekate, na kuiloweka kwenye maji yanayotembea siku nyingi. Ukikosea unalewa, ukizidi kukosea unakufa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiloweka. Tulikuwa tunamenya, mikono yetu imepasuka, na mimi njaa ilikuwa imenitoa staha, nikamwuliza, "Mama, maji yale mbona hayakuwasaidia wanao?"

Hakukasirika. Aliendelea na kisu chake.

"Weye," akasema, "kila mwaka waomba mvua. Wachoma ubani, na mwalimu wenu aja na kitabu chake. Isiponyesha, waacha kuswali?"

Nikamenya.

Tulipoona hapaliki tena tukaamua kwenda Mbuchi, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Mbuchi ni delta yenyewe, mikoko na matope na mashamba ya mpunga, na mimi niliwaza kwamba askari anaweza kuchoma ghala, lakini hawezi kuchoma kaa aliye ndani ya tope. Chungu chake kilivunjika njiani. Aliviokota vigae, akavitazama, akavitupa, tukaendelea.

Shangazi alitupokea kwa machozi na kwa tahadhari. Alitupa dungu lake la shambani, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, na akanivuta kando akaninong'oneza, "Huku watakuuliza mkweo dini gani. Waambie kasilimu."

"Hakusilimu."

"Sijakuuliza. Nimekwambia uwaambie."

Sikuwaambia hivyo, wala sikuwaambia vingine. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alikuwa na njaa yake.

Ramadhani ikatukuta huko. Mtu atasema mwenye njaa hahitaji Ramadhani, na kweli kufunga kwangu mwaka ule kulikuwa jambo la kuchekesha, maana hata nisipofunga sikuwa na cha kula mchana. Nilifunga vilevile. Yeye hakufunga, na sikumtaka afunge, alikuwa mzee na miguu imeanza kuvimba. Lakini akipata kipande cha muhogo mchana alishuka dunguni, polepole, ngazi moja moja, akaenda kukilia nyuma kwenye matete ili nisimwone. Nilimsikia akitafuna. Na wakati wa daku yeye ndiye aliyeniamsha, kwa kunisukuma na goti. "Amka wewe, Mungu wako anangoja." Hakukosea hata mara moja, na mimi mwenye dini ningelala mpaka alfajiri.

Alipougua hakulalamika. Alipojua kwamba hainuki tena aliniita nikae karibu.

"Mkamwana, nikifa nisioshwe. Nimepakwa maji yangu, yananitosha, sitaki mengine juu yake. Na nisilazwe kwenye maji. Watu wetu wamelala pakavu, penye mawe. Mtu akilazwa majini hawamwoni."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kicheko cha uchovu. "Mama, hapa ni Mbuchi. Huku hata kuku analala majini."

Naye akacheka kidogo, akakohoa. "Ndiyo maana nakwambia mapema," akasema.

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, akiwa ametazama paa la dungu. Nilimfumba macho. Nikamfunga taya kwa kipande cha kaniki yake, nikanyoosha miguu yake ile iliyovimba, na mikono yangu ikaanza yenyewe kutafuta chombo cha maji.

Watu wasiojua watadhani kutomwosha maiti ni kazi rahisi, kwa vile ni kutofanya kitu. Kwetu maiti asipooshwa umemtupa, umemfanya mzoga. Nilimwosha mama yangu mzazi, nilimwosha dada yangu, na hilo ndilo jambo la mwisho la upole nililowafanyia. Mama mkwe huyu ambaye sikumpenda, na ambaye sasa nililia juu yake kwa kwikwi kama mtoto, alininyima hata hilo. Niliona uchungu. Niliona hata hasira.

Shangazi alikuja na mtungi wa maji na karafuu maiti kidogo iliyofungwa kwenye kitambaa, sijui alikuwa ameificha wapi miezi yote ile. Nyuma yake alikuja mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa makaburi. Alikuwa mtu mkali, mwembamba, mwenye kikohozi, na watoto wa chuo walimwogopa kuliko mamba. Makaburi yao yalikuwa kwenye tuta la mchanga, sehemu pekee ya pale ambayo bahari haikupanda hata wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote. Kila mtu alilijua tuta lile. Hapakuwa na pengine pakavu.

Mwalimu hakupanda dunguni. Alisimama chini, akauliza, "Marehemu alikuwa na shahada?"

Shangazi akadakia. "Mwalimu, mtu mzima, mgonjwa, mtu wa safari. Lililo moyoni nani alijua? Mwanawe Mwislamu safi. Tumwoshe tumsitiri, jua lapanda." Na huku ananifinya kiuno mpaka nikataka kupiga kelele.

Ilikuwa neno moja tu. Ningelisema, wanawake wangekuja kunisaidia, wanaume wangechimba, sanda ingetoka kwenye sanduku la mtu, na mkwe wangu angelala kwenye mchanga mkavu mpaka siku ya kiyama. Ningelisema, lile la pili aliloniomba angelipata. La kwanza angelikosa.

Lakini nilikuwa nimechoka mno. Uongo una gharama zake, unataka kulishwa kesho na keshokutwa, na mimi sikuwa na cha kujilisha mwenyewe.

"Hakuwa nayo," nikasema. "Na alikataa kuoshwa. Alipakwa yale maji, alisema yanamtosha."

Shangazi akaniachia kiuno. Mwalimu akawaka.

"Sasa waniambia ya nini? Ungenyamaza! Ungenyamaza ningemzika kwa dhana njema, na Mungu angejua yake. Sasa nimesikia kwa masikio yangu. Wanitaka nifanyeje miye?"

"Sitaki ufanye lolote, mwalimu. Nionyeshe tu pa kumzika."

"Pa kumzika wapi? Kule kwetu haiwezekani, si ardhi yangu, ni wakfu wa watu waliozikwa kwa sharia. Na kwingine kote ukichimba unafika magotini umekutana na bahari. Mwezi unakaribia kujaa. Kuna mgeni tulimzika kando, bamvua ikamtoa." Akakohoa, akatema mate pembeni kwa hadhari ya mtu aliyefunga. "Ikamtoa nje," akarudia, kwa sauti ya chini.

Akageuka akaenda zake. Nilidhani ndiyo basi.

Shangazi akapanda juu na mtungi wake. Alikuwa analia. "Mwoshe, mwanangu. Mwoshe tumwite mwalimu tumwambie alitamka shahada mwishoni. Kafa, hajui. Hasikii."

Nilimtazama mama mkwe. Zile mbegu za mtama zilikuwa zimekwisha kuanguka zamani, lakini kwenye paji la uso palibaki kialama pale kamba ilipokaa. Shangazi alikuwa na haki, maiti hasikii. Nilishika mtungi. Ulikuwa wa baridi, na maji yake yalikuwa safi, maji ya mvua aliyoyakinga kwa shida, maana ya mtoni siku zile yalikuwa na chumvi. Niliwaza, nikimwosha nitalala usingizi. Niliwaza, mume wangu akirudi ataniuliza. Halafu nikawaza alivyokuwa akishuka ngazi ile na miguu ile kwenda kutafuna muhogo kwenye matete, ili mimi nisimwone.

Nikaurudisha mtungi mikononi mwa shangazi. "Peleka ukanywe wakati wa kufuturu," nikamwambia.

Alikasirika. Aliondoka bila kuaga, na alikaa muda mrefu bila kusema nami.

Nikabaki peke yangu nikimfunga kwenye mkeka, na sikujua nitampeleka wapi. Nilipoinua kichwa nikamwona mwalimu anakuja kwenye tuta la shamba, upondo wa kusukumia mtumbwi begani, jembe mkononi, kanzu ameivua amejifunga shuka kiunoni kama mvuvi.

"Maji yanajaa," akasema, bila kunitazama. "Yatatusukuma juu mpaka kule mikoko inapokoma. Kuna mchanga kule, kuna miti ya mivumo. Pakavu." Halafu akanyoosha kidole. "Lakini sitamswalia. Usiniombe. Mtumbwi ni wangu na mikono ni yangu, naweza kusukuma. Sala si yangu peke yangu."

Nikamwambia sitamwomba.

Tulimteremsha kwa kamba za ukindu, yeye kichwani mimi miguuni. Mwalimu alikuwa amefunga tangu mwezi uandame, kama mimi, na mtumbwi ulikuwa mzito. Maji yalitusaidia kwa muda, kisha mkondo wa mto ukaanza kusukumana nayo, na hapo ilibaki nguvu ya upondo. Alisukuma, akakohoa, akasukuma. Mimi nilipiga kafi mbele, maiti katikati yetu. Jua lilituchoma. Midomo ilikauka mpaka ikachanika, na maji yote yale pembeni yetu, hata tone hatukulionja.

Katikati ya safari akasema, "Watu wa milimani wametuletea moto. Nyumba ya ndugu yangu imeteketea kwa ajili ya hayo maji yao."

"Mume wangu amefungwa kamba shingoni," nikamjibu, "na yeye hakupakwa."

Alisukuma upondo mara mbili tatu. Kisha akasema, "Viboko vya pamba vilitupiga wote," kama anayejiambia mwenyewe.

Mchanga ulikuwepo kama alivyosema. Tulichagua mahali palipoinuka, chini ya mivumo, mbali na alama za mwisho za maji. Tulichimba kwa zamu. Ukavu ule ulikuwa taabu, mchanga ulimomonyoka kila tulipoufukua, na mimi nilifurahi kila ulipomomonyoka. Kina kilipotosha, mwalimu aliingia ndani kusawazisha. Nikaona jembe lake linaanza kukata ubavuni, upande wa kibla, kuchonga mwanandani wa kumlaza maiti, kama alivyofanya kwa maiti wote maishani mwake. Alikata mara kadhaa. Kisha akasita, akasimama na kulitazama lile shimo dogo alilolianza. Akalijaza kwa mguu, akalipigapiga, akatoka.

Tulimlaza katika kaniki yake, kichwa nikakielekeza milimani. Zile taratibu zao nyingine sikuzijua, nilijua mbili tu alizoniambia. Tulipomaliza kumfukia mwalimu alishuka mtoni akatawadha, akaenda mbali kwenye mvumo mwingine, akanipa mgongo, akaswali adhuhuri yake.

Nikabaki na kaburi. Na hapo kinywa changu kikafunguka chenyewe. Tangu nikiwa mtoto, penye kaburi maneno ya dua hutoka, hata huyafikiri, ulimi umeyazoea kama mguu ulivyoizoea njia ya kisimani. Nilikuwa nimeshatamka neno la kwanza. Nikajiziba mdomo kwa kiganja, kiganja chenyewe kimejaa mchanga, nikakibana hivyo mpaka machozi yakanitoka. Kumsomea kungekuwa kumwosha kwa mlango wa nyuma. Kunyamaza kulikuwa kama kumtupa. Nilikaa hivyo, nimejishika mdomo, mpaka mwalimu akarudi.

"Umemsomea?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi twende. Maji yanapwa."

Magharibi ilituingilia mtoni. Mwalimu aliteka maji kwa kata, akanipa kwanza mimi, kisha akanywa yeye. Yalikuwa na chumvi kidogo. Tulifuturu kwa hayo.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha, amekonda, shingo ina kovu la kamba pande zote. Nilikuwa nimesharudi Mtunda, nimeezeka kibanda. Nilimpa uji kwanza, kisha nikamweleza habari za mama yake, zote, kwa mpangilio, bila kuficha kitu. Alisikiliza akiwa ameinamia bakuli.

"Hukumwosha," akasema.

"Sikumwosha."

"Wala hamkumswalia."

"Hatukumswalia."

Aliushikilia uji mpaka ukaganda juu. Alikuwa mtu mpole, sijawahi kumwona mpole kama yeye, na aliposema hakupandisha sauti.

"Miye ningemwosha," akasema. "Ningelikuwepo, ningemwosha kwa mikono yangu."

"Alijua," nikamwambia. "Ndiyo maana aliniambia mimi, hakukungoja wewe."